Barua ya wazi kwa wakuu wa nyumba zetu: jasho la dirisha si ushahidi dhidi ya mpangaji

Kaskazini mwa Uingereza,
Januari 2026.

Kwa wakurugenzi wa shirika la nyumba tunamopanga, kwa meneja wa matengenezo, na kwa kijana aliyekuja kukagua kwangu tarehe 9 Desemba.

YAH: MAJI YA MADIRISHANI, NA SWALI LA KAMA NINAPIKA SANA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni Tanga kuanza barua za kiofisi, na sioni sababu ya kuacha leo. Nakala ya Kiingereza nimewatumia kwa barua pepe, nyingine nimeidondosha kwenye sanduku la ofisi yenu. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu katika jengo letu peke yake tuko familia saba tunaoongea lugha hii, wa Tanga, wa Mombasa, wa Lamu, wa Bukavu, wa Bujumbura, na wote tumeshapewa kipeperushi kile kile. Nataka wenzangu wasome nilichowaandikia, wajue kwamba na wao wanaweza kuandika.

Tuanze na asubuhi yenyewe. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na hurudi nyumbani kiasi cha saa moja na nusu. Kabla sijavua koti naingia chumba cha watoto na taulo. Kioo chote kimefunikwa matone, ya juu madogo kama punje za ulezi, ya chini yameshaungana yakafanya vijito. Maji yamejaa kwenye mfereji mdogo wa fremu ya alumini, yamefurika, yameteremka kwenye ubao wa dirishani ambako rangi imeshabanduka. Ncha ya pazia inanyonya yaliyobaki. Kwa wiki moja nilikuwa nalikamulia taulo hilo ndani ya jagi ninalopimia maji ya chapati. Tarehe 4 Desemba dirisha la watoto lilitoa mililita 310, la kwangu mililita 260. Kwa siku saba, madirisha mawili tu, nilimwaga lita 3 na nusu. La sebuleni sikulipima kwa sababu maji yake hayafikiki, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Kijana wenu alifika siku ya 26 ya kazi tangu nilipotoa taarifa, tarehe 3 Novemba. Alikuwa na adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hilo simnyimi. Alipiga picha tano za dirisha la watoto. Akagusa ukuta kwa kiganja. Akauliza tuko wangapi, nikamwambia wanne. Akaitazama sufuria ya maharage jikoni, akauliza: "Mnapika sana?" Nikamjibu kwamba tunakula kila siku. Akaandika. Kisha akasimama mbele ya dirisha la sebuleni, ambalo ukungu wake uko katikati ya vioo viwili, akaniambia niwe nalifuta kila asubuhi.

Nalifutaje? Nilimwomba anioneshe. Alipitisha kidole upande wa ndani, kikatoka kikavu, akacheka kidogo, akabadilisha mazungumzo.

Aliacha kipeperushi: funika sufuria, fungua dirisha, usianike nguo ndani, washa hita. Wiki moja baadaye nikapata ujumbe wa simu kwamba kesi yangu imefungwa. Sababu: mtindo wa maisha.

Wakuu, mimi sibishi kwamba maji yale ni mvuke. Sidai bomba limepasuka wala paa linavuja. Nabisha namna mnavyolisoma dirisha. Kwenu, kioo kilicholowa kimeshatoa hukumu na mwenye hatia ni aliyelala humo ndani. Ninachoomba ni kwamba kabla hamjatamka neno juu ya maisha ya mtu, mpime.

Aliyekulia pwani ana bahati moja: somo hili amelishika mkononi. Toa chupa ya soda kwenye friji saa nane mchana pale Tanga, iweke mezani. Dakika mbili imelowa, na ukiinyanyua kuna duara la maji chini yake. Chupa haivuji. Maji yale yalikuwa hewani yakakutana na kitu cha baridi. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi: mita moja ya ujazo yenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji, yenye nyuzi 20, gramu 17, yenye nyuzi 10, gramu 9 na kidogo, ikifika sifuri haizidi 5. Ikigusa kitu kinachoipoza mpaka mzigo uishinde, huutua pale pale. Huku mambo yamegeuka tu. Chupa ndiyo kioo cha dirisha, friji ndiyo anga ya Januari, na ule mchana wa Tanga ndio sisi wenyewe, tunaopumua, tunaooga na kupika. Sijawahi kusikia mtu akimwambia muuza soda wa Ngamiani kwamba chupa zake zinatoka jasho kwa sababu ya mtindo wake wa maisha.

Jasho la dirisha lina wazazi wawili basi: mvuke wa hewani na ubaridi wa kioo. Kipeperushi chenu kinamjua mmoja.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mzaliwa wa Mombasa, ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Umande ndio unaompa ugali. Jumamosi tarehe 13 Desemba alinipa kipima unyevu nikilaze chumba cha watoto, na Jumapili alfajiri akapanda na mkoba wake. Kipimo kilisema nyuzi 17, unyevu asilimia 78. Nje kulikuwa na nyuzi 2. Kwa hewa ya namna hiyo, alinieleza, kitu chochote chenye nyuzi 13 au chini yake lazima kilowe; wao mafundi wanaiita nukta ya umande. Akabandika vipande vya gundi ya karatasi kwenye kioo na kwenye fremu, kwa sababu alumini inayong'aa huidanganya ile bunduki ya kupimia joto, akapima. Katikati ya kioo nyuzi 11. Fremu nyuzi 7. Ili fremu ya nyuzi 7 ibaki kavu, unyevu wa chumba kile ungepaswa kuwa asilimia 50 hivi kwenda chini, usiku kucha, watoto wawili wakipumua humo na mlango umefungwa. Alitazama fremu ile kwa muda, akasema kwa lafudhi yao, "Hii si dirisha, dada, hii ni friji imekosa mlango."

Kisha akasogeza kabati.

Ukuta wa kona, ule unaotazama nje, ulikuwa na nyuzi 14 na nusu. Haukuwa na tone hata moja. Lakini hewa ile ile ya chumbani ikifika hapo na kupoa, unyevu wake hupanda hadi asilimia 90 na ushei, na kuvu haisubiri maji yatiririke. Ikipata unyevu wa asilimia 80 siku nyingi mfululizo, inaota. Na ilikuwa imeota, nyeusi, duara juu ya duara, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua cha binti yangu wa miaka sita. Kitanda chake kiko upande huo. Ana pumu. Kijana wenu alikuwa hatua mbili kutoka hapo, akipiga picha dirisha.

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa kile kinachotanda kiooni na kwa kile kinachoota kwenye mkate uliosahaulika. Bibi yangu angesema chumba kina ukungu, na sidhani angeona haja ya kueleza ni upi. Ninyi mna fomu mbili: ya maji ya dirishani, ambayo ni kosa letu, na ya kuvu ya ukutani, ambayo ni kazi yenu. Dirisha likilowa mnafunga ya kwanza bila kufungua ya pili. Lakini dirisha ni mahali penye baridi kuliko pote chumbani, ndiyo maana maji huonekana hapo kwanza. Likilowa kila asubuhi linakwambia nenda katazame pengine penye baridi: kona za nje, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, juu ya dari ya bafuni.

Ya bafuni nayo ina kisa chake. Fundi alichukua karatasi moja ya chooni, akaisogeza kwenye feni yangu, ambayo huunguruma kama lori linalopanda Sekenke. Karatasi ikaanguka sakafuni. Feni inayovuta huishika karatasi ile ikabaki imenasa. Hahitajiki mhandisi kulijua hilo. Kanuni za ujenzi za England zinataka feni mpya ya bafuni ya kuwashwa na kuzimwa iwe na uwezo wa kutoa lita 15 za hewa kila sekunde, na ya jikoni lita 30 ikiwa juu ya jiko, lita 60 ikiwa mahali pengine. Yangu ilishindwa na karatasi ya chooni. Tukatoka kwenye ngazi za dharura kutazama upande wa nje. Mwaka juzi mlipopaka jengo rangi, mpakaji alipita na brashi juu ya vifuniko vya feni, vile vinavyotakiwa kufunguka hewa ikisukuma. Vimegandana na ukuta. Nilivihesabu: upande wetu peke yake ni kumi na moja, vyote rangi ile ile ya maziwa. Feni yangu imezunguka karibu miaka miwili bila kutoa chochote isipokuwa kelele, na umeme wake nalipa mimi.

Sasa niseme na upande wetu, maana wenzangu wanasoma na sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tunaleta maji mengi ndani. Familia ya watu wanne hutoa kiasi cha lita 10 kwa siku ukijumlisha pumzi, kupika, kuoga na kufua. Nguo za mashine moja zikianikwa juu ya radieta, ile hita ya ukutani, huachia lita 2 hivi hewani. Maharage yakichemka saa mbili bila kifuniko, nazi ikitokota, chai ya maziwa, yote yanakwenda kutafuta kioo. Nawajua walioviziba kwa gundi vile vitundu vya hewa vilivyoko juu ya fremu kwa sababu vinapitisha baridi. Na mimi niliviziba, mwaka wa kwanza. Na wapo wanaotumia hita ya mtungi wa gesi. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: kila kilo ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, achilia mbali hewa yake ya sumu. Mwenye hita hiyo aiache, hata kama barua hii haijajibiwa.

Kuna jambo lililonichukua miaka kulikubali. Kwetu pwani, mvua ikinyesha ukafungua dirisha, nyumba inazidi kuwa chepechepe, chumvi inaganda, kiberiti hakiwaki. Huku ni kinyume. Hewa ya nje yenye nyuzi 2, hata siku ya manyunyu, imebeba gramu 5 tu za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa moto hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 30. Inakuwa kavu kama upepo wa kiangazi wa Dodoma. Kwa hiyo kipeperushi hakikukosea kusema tufungue: dakika kumi asubuhi, madirisha mawili yanayotazamana, mlango wa kati wazi, mvuke wa usiku unatoka na kuta hazijapata muda wa kupoa. Mama zangu wa jengoni, nawasihi, fungueni hata kama mvua inanyesha.

Ila hesabu hiyo imesema "ikapashwa moto". Mita yangu ya gesi ni ya kulipia kwanza, mfano wa LUKU ya umeme kule Tanzania. Kipeperushi kinashauri hita iwashwe kwa kiwango cha chini kutwa kucha. Aliyekiandika hajasimama dukani siku ya Jumanne kuongeza pauni tano huku mshahara ni Ijumaa. Tukibana joto tunapoteza pande mbili: hewa iliyopoa haibebi mvuke iliyokuwa ikiubeba, na kioo nacho, fremu nayo, ukuta nao, vinazidi baridi. Tukiongeza joto, linapita kwenye alumini kama maji kwenye chekeche. Kioo kimoja kitupu, nje kukiwa na sifuri na ndani nyuzi 20, upande wake wa ndani huwa na nyuzi 5 au 6. Vioo viwili vya zamani hufika 12 au 13. Vioo viwili vya kisasa, vyenye utando usioonekana wa kurudisha joto ndani, hufika 17 hivi. Familia ile ile, maharage yale yale, na dirisha limekauka. Mtindo wa maisha wa nani umebadilika hapo?

Nirudi kwenye dirisha la sebuleni, lile la kufutwa. Vioo viwili vya dirisha namna hiyo hufungwa kingoni kwa gundi, na ndani ya utepe unaovitenganisha huwekwa chembechembe za kunyonya unyevu. Gundi ikichoka, hewa ya nje hupenya kidogo kidogo, chembe zinashiba, ukungu unabaki humo. Mpangaji hawezi kuufikia kwa taulo, wala hataupunguza kwa kula mkate mkavu. Kile kioo kimekufa, kinabadilishwa. Na hubadilishwa kioo chenyewe tu, fremu ikabaki, kwa hiyo msinitajie gharama ya dirisha zima.

Mkate mkavu sikuutaja kwa utani. Mzee mmoja wa Kongo anayekaa chini kabisa alibadilishiwa vioo mwaka jana baada ya vya zamani kuvunjwa. Oktoba akaamka akakuta maji upande wa nje wa kioo kipya. Akapiga simu kwenu. Aliyepokea akamwambia apunguze kupika. Mzee wa watu, anayeishi peke yake na anayewaheshimu wenye ofisi kuliko ninavyowaheshimu mimi, akala mkate na dagaa wa kopo wiki nzima, huku maji ya nje yakiendelea kuja kila alfajiri, maana hayakuhusiana na chungu chake. Ule ni umande, ndugu zangu, kama wa kwenye majani ya mgomba. Kioo kipya hakipitishi joto la ndani, kwa hiyo usiku wa anga safi uso wake wa nje hupoa kuliko hata hewa inayouzunguka, umande unatua. Jua likipanda unakwenda zake. Ni dalili kwamba kioo kinafanya kazi yake. Natamani madirisha yangu yote yaugue ugonjwa wa mzee huyo.

Mnaona kwa nini nasema tatizo ni kusoma. Maji ndani, maji katikati, maji nje, na jibu lenu kwa yote matatu lilikuwa sufuria.

Neno "mtindo wa maisha" lina historia, na ninyi mnaijua kuliko mimi. Desemba 2020 huko Rochdale, si mbali sana na hapa, alifariki mtoto Awaab Ishak, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo, Joanne Kearsley, alitamka kwamba kilichomuua ni maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu ndani ya kuvu. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba alitoa taarifa ya kuvu mara ya kwanza mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Katika kisa kile ilitajwa hata desturi ya familia ya kuoga, na mwenye nyumba akakiri kwamba alijijengea dhana kuhusu maisha yao na kwamba alikosea. Nilisoma habari ile nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, ndoo yangu ya bluu na kopo lake mbele yangu. Nilifunga simu, nikaenda kuisukuma ndoo nyuma ya mlango, kama vile kuna mtu anakuja kukagua. Hilo ndilo neno lenu hutufanya. Na tayari Oktoba 2021, mwaka mzima kabla ya tamko lile, Msuluhishi wa Malalamiko ya Nyumba wa England alikuwa ameshatoa ripoti juu ya unyevu na kuvu, akiwataka wenye nyumba waache kulikimbilia neno hilo.

Najua pia mlikotoka kisheria. Wakili wa msaada wa bure alinieleza kesi ya Wales iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1985. Nyumba ya halmashauri ilikuwa na madirisha ya chuma, kioo kimoja kimoja. Kipindi cha baridi maji yalitiririka mpaka nguo na samani zikaoza. Mahakama ilikubali kwamba hali ilikuwa mbaya, lakini ikasema sharti la matengenezo linahusu kilichoharibika, na pale hapakuwa na kilichoharibika: madirisha yalikuwa yanafanya vile yalivyotengenezwa. Kwa miaka mingi hicho kikawa kichaka cha kujifichia. Sheria ya 2018 ya nyumba kufaa kukaliwa na watu ilikifyeka. Siku hizi hatuulizwi tu kama kitu kimevunjika. Tunaulizwa kama binadamu anaweza kuishi humo, na unyevu umo katika yanayotazamwa.

Halafu ikaja sheria yenye jina la Awaab. Imeanza kutumika kwa nyumba za mashirika na halmashauri za England tarehe 27 Oktoba 2025, wiki moja tu kabla ya mimi kuwapigia simu. Hatari ya dharura: saa 24. Unyevu na kuvu vya kutishia afya: uchunguzi ndani ya siku 10 za kazi, maelezo ya maandishi kwa mpangaji ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi kumalizika, na kuifanya nyumba iwe salama ndani ya siku 5 za kazi. Mkishindwa, mnatutafutia pa kukaa. Mimi nimepata siku 26 na ujumbe wa simu wenye maneno manne. Kwa wapangaji wenzangu: ukitoa taarifa andika tarehe, piga picha ya ukuta na si ya kioo peke yake, na kama ana pumu ndani ya nyumba au mtoto mchanga, liseme hilo katika sentensi ya kwanza. Wakikaa kimya, unaandika malalamiko rasmi. Jibu lao la mwisho lisipokuridhisha, unakwenda kwa huyo Msuluhishi, na humlipi kitu.

Ninachotaka kwangu si kikubwa. Fungueni kesi upya na mfute yale maneno. Tumeni mtu mwenye kipima unyevu na bunduki ya joto, anayejua kusogeza kabati, na apime alfajiri au usiku, si saa saba mchana jua likiwa limeshapiga kioo. Kwangueni rangi kwenye vifuniko vya feni, vyote kumi na moja, kisha mjaribu kila feni kwa karatasi. Hiyo ni kazi ya siku moja na ngazi moja, na nadhani itakausha madirisha mengi kuliko vipeperushi vyote mlivyochapa. Badilisheni kioo kilichokufa. Ile kona ya watoto iwekewe kitu cha kuzuia baridi, isipakwe rangi ya kuua kuvu ikaachwa na nyuzi zake 14. Fremu za alumini najua ni fedha nyingi na najua kuna foleni. Niambieni nipo nafasi ya ngapi, kwa maandishi.

Kipeperushi nacho nitawatafsiria kwa Kiswahili bure, kizuri, cha watu kuelewa. Nina sharti moja: kiwe na ukurasa wa pili unaosema ninyi mtafanya nini.

Nipo nyumbani Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi kwa saa zetu, saa kumi kwa zenu. Kwa kipimo cha alfajiri nitaomba ruhusa kazini mkinitajia siku. Fundi wa majokofu amesema atapanda na mkoba wake, hatoi bili. Viatu si lazima mvue. Kabati nimeshalisogeza.

Wenu,
Mpangaji, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.